Barua ya wazi kwa wanaoandaa mipango ya janga lijalo: kiharusi hakingoji maambukizi yapungue

Kwa mawaziri wa afya, wakurugenzi wa hospitali, na wajumbe wa kamati zinazoandaa mipango ya kukabili magonjwa ya mlipuko.

Waheshimiwa,

Mimi ni muuguzi wa idara ya dharura. Nimepokea wagonjwa mlangoni kabla ya UVIKO-19, wakati wake na baada yake, na ninawaandikia sasa kwa kuwa kalamu bado iko mikononi mwenu: tarehe 20 Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mkataba wa kujiandaa na kukabili majanga ya magonjwa, na mipango ya nchi na ya hospitali itapaswa kupitiwa upya. Katika mipango niliyowahi kuisoma nimekuta kurasa nyingi za barakoa, vitanda, oksijeni, chanjo na maabara. Sijakuta ukurasa unaoeleza mtu akipatwa na kiharusi katikati ya janga atafikaje hospitali, atapokelewaje, na nani atakayebaki kumhudumia. Barua hii inaomba ukurasa huo uandikwe.

Mwaka 2020 mzee mmoja aliletwa kwetu na mwanawe siku ya Jumanne asubuhi. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelegea tangu Jumapili mchana, na maneno yalikuwa yakimtoka nusunusu. Familia iliona yote hayo, ikaelewa kwamba hali si ya kawaida, ikasubiri. Kijana aliponieleza sababu hakujitetea wala hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba tangazo liliwataka watu wakae nyumbani na waende hospitali pale tu wanaposhindwa kupumua, na baba yake alikuwa anapumua vizuri. Nimeirudia kauli hiyo kichwani mara nyingi, na kila nikiirudia naona kwamba kijana yule alilisoma tangazo sawasawa. Alilitii kama lilivyoandikwa.

Naomba mniruhusu nieleze kwa nini siku mbili zile zilikuwa na uzito mkubwa kiasi hicho, kwa sababu si kila anayeketi kwenye kamati za maandalizi amewahi kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa wa aina hii. Viharusi vingi hutokana na donge la damu linaloziba mshipa unaolisha ubongo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006 yanaonyesha kwamba mshipa mkubwa ukiwa umeziba, ubongo wa mgonjwa wa kawaida hupoteza seli za neva zipatazo milioni 1.9 kila dakika. Dawa ya kuyeyusha donge ilithibitishwa mwaka 1995 kwa wagonjwa waliofika ndani ya saa 3 tangu dalili zianze, na mwaka 2008 ikaonekana kuwa inaweza kusaidia hadi saa 4 na nusu. Njia ya kuingiza mrija mwembamba kupitia mshipa wa paja na kulitoa donge lenyewe ilithibitishwa katika tafiti za mwaka 2015, kisha mwaka 2018 ikafahamika kwamba baadhi ya wagonjwa, wakichaguliwa kwa picha maalumu za ubongo, wanaweza kunufaika nayo hata saa 24 baada ya kuonekana wazima kwa mara ya mwisho. Mzee wetu alikuwa amevuka mipaka yote hiyo. Yeye alifika kwa ajili ya kuuguzwa. Nafasi ya kuokoa ule mkono ilikwisha akiwa amelala kitandani kwake, kwa utii.

Laiti angekuwa peke yake, ningemlilia kama ninavyowalilia wagonjwa wengine na nisingeandika barua. Lakini kilichotokea kwetu kilitokea karibu kila mahali. Nchini Marekani, watafiti walihesabu wagonjwa wa kiharusi waliopigwa picha za ubongo zilizochambuliwa kwa programu moja inayotumika katika hospitali zaidi ya 800, wakakuta kwamba kati ya Februari 2020 na wiki mbili zilizoanzia mwishoni mwa Machi idadi ya kila siku ilishuka kwa asilimia 39. Katika hospitali 457 za nchi 70, miezi minne ya kabla ya janga ililinganishwa na miezi minne ya mwanzo wa janga: waliolazwa kwa kiharusi walipungua kutoka 91,373 hadi 80,894, na waliopewa dawa ya kuyeyusha donge walipungua kwa asilimia 13.2. Katika hospitali moja ya Hong Kong, muda wa kati tangu dalili kuanza hadi mgonjwa kufika mlangoni ulipanda kutoka dakika 95 mwaka 2019 hadi dakika 154 katika miezi miwili ya kwanza ya maambukizi, na waliowahi ndani ya saa 4 na nusu wakashuka kutoka asilimia 72 hadi 55.

Kuna waliosema wakati ule kwamba huenda viharusi vyenyewe vilipungua, kwa kuwa watu walipumzika na hewa ya miji ikawa safi. Siwezi kukubali kwamba hilo ndilo lililoondoa wagonjwa wote hao. Virusi vyenyewe viliongeza hatari ya damu kuganda, na mapema tu mwaka 2020 madaktari wa New York walieleza habari za wagonjwa watano walio chini ya umri wa miaka 50 waliopata kiharusi cha mshipa mkubwa wakiwa na maambukizi. Tena waliopungua zaidi katika hospitali nyingi walikuwa wenye dalili nyepesi: mdomo uliopinda kidogo, ganzi iliyopita baada ya nusu saa, kiharusi cha mpito ambacho mtu hujiambia kimekwisha. Hao ndio ambao tunaweza kuwasaidia kwa gharama ndogo kuliko wote. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kuwachunguza na kuwaanzishia dawa kwa haraka watu wa namna hiyo kulipunguza kwa asilimia 80 hatari ya kupata kiharusi kingine katika siku 90 zinazofuata. Hawakuwa wamepona, walikuwa majumbani, na wengine walikuja kwetu baadaye wakiwa wamebebwa.

Ombi langu la kwanza linahusu maneno. Tangazo lolote la kuwataka watu wakae nyumbani libebe ndani yake, katika sentensi ileile na kwa herufi za ukubwa uleule, dalili ambazo zinamtoa mtu nyumbani mara moja: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea ghafla, usemi kuharibika, kuona kupotea, kichwa kuuma ghafla kwa namna ambayo mtu hajawahi kuijua. Maelezo haya yasiwekwe kwenye kipeperushi kingine kitakachotoka wiki tatu baadaye, baada ya madaktari kulalamika, kama ilivyotokea sehemu nyingi. Amri hutangulia, nyongeza huchelewa, na watu hukumbuka kile walichokisikia kwanza wakiwa na hofu. Na mkumbuke pia kwamba mtu mwenye kiharusi mara nyingi hajui kuwa anaumwa. Ni wengine wanaomwona. Katika miezi ile wajukuu hawakwenda kumsalimu bibi, jirani hakubisha hodi, na barakoa ilifunika mdomo ambao ungeonekana umepinda. Kwa mzee anayeishi peke yake, maana ya amri ile ilikuwa kwamba hakuna atakayegundua. Mkipanga kuwatenga wazee kwa nia ya kuwalinda, pangeni pia nani atawapigia simu kila siku na kuwasikiliza wanavyotamka maneno.

Ombi la pili linahusu mlango, na hapa nawaomba subira, kwa sababu ndipo mahali ninapopajua kuliko pengine popote.

Wakati wa janga, mlango wa hospitali yetu ulipewa maswali. Je, una homa? Una kikohozi? Umekaa karibu na mtu aliyeambukizwa? Umesafiri? Kila aliyeingia alipaswa kujibu kabla ya kuelekezwa upande wa walioshukiwa au upande wa wasioshukiwa. Kwa aliyevunjika mkono, hilo ni jambo la dakika moja. Sasa mfikirie mtu ambaye donge limeziba mshipa wa upande wa kushoto wa ubongo wake, na usemi wake umepotea. Anasikia sauti, pengine haelewi maneno, na hata akielewa hana namna ya kujibu. Nimewaona watu wazima wenye heshima zao wakimtazama mlinzi kwa macho ya kuomba huku karatasi ya maswali ikibaki tupu, na kwa kuwa karatasi ilikuwa tupu, waliwekwa kwenye foleni ya walioshukiwa hadi majibu ya kipimo yatoke. Dakika zikahesabiwa na seli zikafa.

Lakini jambo lililoniumiza kuliko yote lilikuwa la msindikizaji. Sheria ilikuwa nyepesi kuandika: mgonjwa aingie peke yake. Walioiandika walifikiri juu ya msongamano, na msongamano ulikuwa hatari kweli. Hawakufikiri kwamba katika kiharusi msindikizaji ndiye mwenye nusu ya taarifa tunazozihitaji ili kutibu. Daktari hawezi kutoa dawa ya kuyeyusha donge kabla ya kujua mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho saa ngapi, na hapaswi kuitoa bila kujua kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama amefanyiwa upasuaji karibuni, au kama amewahi kuvuja damu kichwani. Dawa ileile inayookoa inaweza kuua ikipewa mtu asiyestahili. Mwenye majibu hayo yote alikuwa amesimama nje ya geti akiwa ameshika mfuko wa nguo za mgonjwa, na sisi tulikuwa ndani tukimuuliza mtu asiyeweza kusema. Niliwahi kutoka mbio hadi getini nikiwa na vazi la kujikinga, jambo lisiloruhusiwa, nikaita jina la mgonjwa mbele ya watu waliokuwa wakisubiri ili nimpate mke wake. Alinijibu kwa neno moja: saa mbili. Neno hilo lilitosha kuanzisha tiba. Sielewi kwa nini lilihitaji mtu avunje kanuni ili lipatikane.

Kwa hiyo naomba kanuni iandikwe sasa, wakati hakuna hofu. Mgonjwa yeyote anayedhaniwa kuwa na kiharusi aingie na mtu mmoja anayejua habari zake, aliyevishwa barakoa, akae hadi historia ichukuliwe. Na pale ambapo haiwezekani kabisa, namba yake ya simu iandikwe na wahudumu wa gari la wagonjwa kabla gari halijaondoka nyumbani, pamoja na saa aliyoonekana mzima na orodha ya dawa zake. Tena mgonjwa huyo asisubiri majibu ya kipimo cha maambukizi. Mwaka 2020 madaktari wa Canada walichapisha utaratibu wa kumpokea mgonjwa wa kiharusi katika hali ya ulinzi, na kiini chake kinaeleweka kwa urahisi: hospitali ipewe taarifa kabla hajafika, kila mgonjwa ambaye hawezi kujieleza achukuliwe kama mwenye maambukizi, avishwe barakoa, timu iwe ndogo na ivae kinga mapema, kisha kazi iendelee kwa mwendo wake. Tukivaa tukiwa tunamsubiri, muda wa kuvaa haumgharimu mgonjwa chochote. Tukianza kuvaa akiwa tayari amelala mbele yetu, tunavaa kwa kutumia ubongo wake.

Mashine ya CT nayo ina hadithi yake. Bila picha ya ubongo hatuwezi kujua kama mshipa umeziba au umepasuka, na tiba za hali hizo mbili zinapingana kabisa. Katika janga mashine hiyohiyo ilitakiwa kupiga picha za mapafu mchana na usiku, na baada ya kila aliyeshukiwa chumba kilisafishwa na kuachwa hewa ibadilike. Hospitali zilizokuwa na mashine mbili zingeweza kutenga moja, na kwa kweli zilipaswa kufanya hivyo. Zenye mashine moja zilihitaji kanuni ya nani anatangulia, na mara nyingi kanuni hiyo ilikuwa sauti ya daktari aliyepiga kelele zaidi.

Nataka pia mjue kinachofuata baada ya sindano, kwa maana huwa hakionekani kwenye hesabu za vitanda. Mgonjwa aliyepewa dawa ya kuyeyusha donge hupimwa shinikizo la damu na hali ya neva kila dakika 15 kwa saa 2, kisha kila dakika 30 kwa saa 6, kisha kila saa hadi saa 24 zitimie. Hesabuni: hiyo ni mara 36 kwa siku moja, kwa mgonjwa mmoja, na katika chumba cha kutengwa kila kuingia kulidai kinga. Wenzangu walifanya hivyo hadi ngozi za nyuso zao zikachubuka. Mipango inayohesabu barakoa kwa kitanda bila kuhesabu mara ngapi muuguzi ataingia chumbani inaishia kumlazimisha achague kati ya kumwona mgonjwa na kutunza kinga iliyobaki. Dawa mpya zaidi ya jamii hiyo hutolewa kwa sindano moja badala ya kudondoshwa kwa saa nzima; pale inaporuhusiwa na kupatikana, naomba iingizwe kwenye akiba ya dharura kwa sababu hiyo pia.

Halafu wodi. Kitengo cha kiharusi huonekana kama wodi ya kawaida yenye vitanda vya kawaida, na pengine ndiyo maana kilikuwa chepesi kuchukuliwa. Hakina mashine za kutisha. Ushahidi wa miongo kadhaa unaonyesha kwamba mgonjwa anayelazwa humo ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi na kurudi kujitegemea kuliko anayelazwa kwenye wodi ya jumla, na kinachomsaidia ni watu waliozoeana na kazi hiyo: anayepima kama mgonjwa anaweza kumeza kabla hajapewa maji, anayemgeuza, anayemketisha mapema, anayegundua saa nane usiku kwamba usingizi huu si usingizi. Wodi hizo zilipogeuzwa kuwa za UVIKO-19 na wauguzi wake wakatawanywa, ujuzi wa miaka ulivunjwa kwa waraka wa ukurasa mmoja. Siombi kwamba tusihamishwe kamwe. Nimehamishwa na nimekwenda kwa moyo. Naomba kila hospitali inayotibu kiharusi itaje mapema idadi ya chini ya wahudumu na vitanda ambayo haitaguswa hata hali iwe mbaya vipi, na idadi hiyo isainiwe na mkurugenzi, ili siku ya hofu asiwepo mtu wa kuibishania.

Yaliyofuata baada ya wodi nitayataja kwa ufupi, ingawa wenye ulemavu wanayaishi kila siku. Shirika la Afya Duniani lilipozihoji nchi 155 mwezi Mei 2020, asilimia 63 zilisema huduma za utengemao zimevurugika, na asilimia 53 zilisema hivyo kuhusu tiba ya shinikizo la damu. Takwimu ya kwanza inahusu watu waliokwisha pata kiharusi na wakakosa wiki za mazoezi ambazo mwili hujifunza upya kwa kasi zaidi. Ya pili inahusu watu ambao walikuwa hawajapata.

Ninajua mtajibu kwamba uamuzi ulikuwa mgumu, kwamba vyumba vya wagonjwa mahututi vilijaa na hapakuwa na chaguo jema. Nilikuwepo, na sitasema kwamba ilikuwa rahisi. Nilipigia makofi hatua za kupunguza mikusanyiko na ningezipigia tena. Lakini jambo moja halikuhitaji fedha wala vitanda, nalo halikufanyika: kuhesabu wasiofika. Kila jioni tulisomewa idadi ya waliopimwa, walioambukizwa, waliolazwa na waliofariki. Hakuna aliyesoma kwamba idara ya dharura ambayo kwa kawaida hupokea wagonjwa kadhaa wa kiharusi kwa wiki imepokea mmoja. Ukimya ule tuliuona kwa macho yetu. Zamu zilipita bila simu ya kiharusi, na baadhi yetu, nakiri, tuliushukuru kwa kuwa tulichoka. Idara ya dharura inapokuwa tupu katikati ya janga, watu wako mahali wanakufa au wanalemaa bila kuonekana. Naomba idadi ya wagonjwa wa kiharusi wanaofika, saa waliyochelewa na waliopata tiba ikusanywe kila wiki na kutangazwa pamoja na idadi ya maambukizi, na ikishuka ghafla ichukuliwe kama king'ora: redio zipigiwe simu, viongozi wa dini na wa mitaa waambiwe, maneno ya tangazo yabadilishwe siku hiyohiyo.

Tarehe 29 Oktoba ya kila mwaka huadhimishwa Siku ya Kiharusi Duniani. Nawaomba kwamba kabla ya itakayofuata kila mmoja wenu aagize mpango wa janga wa wizara yake au hospitali yake uletwe mezani, atafute ukurasa unaomhusu mgonjwa huyu, na asipouona ataje jina la mtu atakayeuandika na tarehe ya kuukamilisha. Majibu yenu yatolewe hadharani kama barua hii.

Mzee yule aliruhusiwa baada ya siku tisa. Mwanawe alipokuja kumchukua aliniuliza swali moja, akiwa amemshika baba yake chini ya kwapa la kulia: kama wangekuja Jumapili ileile, je, tungewapokea? Nilitaka kumwambia ndiyo. Nikakumbuka geti, karatasi ya maswali, na mashine moja ya CT yenye foleni, nikashindwa kulitamka neno hilo kwa uhakika.

Wenu katika utumishi,

Muuguzi wa idara ya dharura